Mzee Asiyeweza Kusema "Naumwa"

  

Leo nazungumza na watu ambao kazi yao haina mshahara wala likizo. Ni wale wanaomtunza nyumbani mzazi, bibi, babu, mume au mke mwenye ugonjwa wa kusahau, ugonjwa ambao hospitalini huitwa demenshia. Je, yupo nyumbani kwako mzee anayeuliza jambo moja mara kumi kabla chai haijapoa? Amesahau njia ya sokoni aliyoipita miaka na miaka? Siku nyingine anamtazama mwanawe wa kumzaa na kumuuliza, "Wewe ni wa nani?" Basi leo mgeni wangu ni wewe.

Na swali langu kwako ni hili: mzee huyo akiwa na maumivu, utajuaje?

Labda unajibu moyoni, "Si atasema mwenyewe? Mtu akiumwa jino husema jino linauma." Ni kweli, mimi na wewe tunasema. Lakini hebu tazama kazi inayofanywa na akili mpaka maneno hayo mawili yatoke mdomoni. Kwanza uhisi maumivu. Kisha utambue yanatoka wapi, kwenye jino au kwenye sikio. Kisha ulipate neno lake. Kisha ukumbuke kwamba yupo mtu anayeweza kukusaidia, umtafute, umwambie. Demenshia inazikata hatua hizo moja baada ya nyingine. Mzee anabaki na maumivu yake, lakini njia ya kuyatoa nje imeziba.

Ndiyo maana ukimuuliza asubuhi, "Mama, usiku uliumwa?" atakujibu hapana. Hadanganyi. Usiku wenyewe haukumbuki.

Wahenga walisema adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Maumivu ni ya mwenye nayo. Sasa mwenye nayo akishindwa kuyasimulia, nani atamsemea? Hiyo ndiyo mada yetu: namna ya kuyatambua maumivu ya mzee mwenye demenshia, na namna ya kuyafikisha kwa daktari au muuguzi ili yatibiwe.

Neno kuu la leo naliweka mezani mapema, na nitalirudia. Mzee mwenye demenshia akibadilika tabia, kabla ya kusema "anasumbua", jiulize, "Anaumwa wapi?"

Sasa tuanze kwa kuondoa fikra tatu zinazotupoteza.

Fikra ya kwanza ni kwamba ugonjwa huu ni wa Wazungu. Hapana. Watafiti waliowachunguza wazee wa wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, na kuchapisha matokeo yao mwaka 2013, waligundua kwamba miongoni mwa wenye umri wa miaka 70 na kuendelea, karibu 6 katika kila 100 walikuwa na demenshia. Hiyo ni Hai, kwenye migomba na kahawa. Na kwetu mzee wa namna hiyo kwa kawaida anatunzwa nyumbani, na binti, mkwe au mjukuu.

Fikra ya pili ni kwamba mtu aliyepoteza kumbukumbu hasikii tena maumivu. Utawasikia watu wakisema, "Huyo hajui lolote sasa, yuko dunia yake." Wasikilizaji, demenshia inaharibu kumbukumbu na maneno. Nyonga iliyovunjika inauma vile vile. Jino lililooza linauma vile vile. Kinachopotea ni taarifa.

Na taarifa ikipotea, hata hospitali hukosea. Mwaka 2000 ulichapishwa utafiti kutoka New York, Marekani, kuhusu wazee waliovunjika nyonga. Wenye demenshia iliyokwisha kukomaa walipewa theluthi moja tu ya dawa kali ya maumivu waliyopewa wenzao wenye akili timamu. Mfupa ni ule ule, kuvunjika ni kule kule. Tofauti ni kwamba mmoja aliweza kuita muuguzi na kusema, "Naumia," na mwingine hakuweza. Mwaka 2020, chama cha kimataifa cha wataalamu wa maumivu kilipoandika upya maana ya neno maumivu, kilisisitiza jambo hilo hilo: kusema ni njia moja tu kati ya nyingi za kuonyesha maumivu, na mtu kushindwa kusema si ushahidi kwamba haumii.

Fikra ya tatu ndiyo inayowaumiza wazee wetu zaidi. Ni kuita maumivu kwa jina jingine. Mzee anapiga kelele usiku, tunasema ni mkaidi. Anamsukuma anayemwogesha, tunasema amekuwa mkorofi. Anakataa uji, tunasema anadeka. Anazungumza peke yake huku akilia, na jirani ananong'ona kwamba kuna mkono wa mtu. Wengine wanakata shauri kirahisi: "Ndiyo uzee wenyewe."

Huko Norway, watafiti walikwenda katika nyumba 18 za kutunzia wazee na kuwachukua wazee wenye demenshia waliokuwa na fujo na mahangaiko. Kundi moja likaendelea na matunzo ya kawaida. Kundi la pili likatibiwa maumivu kwa utaratibu, hatua kwa hatua, kwa wiki nane, na wengi wao hawakuhitaji zaidi ya parasetamoli, hii hii tunayoiita panado. Matokeo yalichapishwa mwaka 2011. Wale waliotibiwa maumivu walitulia kuliko wenzao. Na dawa zilipositishwa, mahangaiko yakaanza kurudi. Unaona, msikilizaji? Sehemu ya ile iliyoitwa fujo ilikuwa maumivu.

Sisemi kila kelele ni maumivu. Mzee anaweza kupiga kelele kwa hofu, kwa njaa, kwa kiu, kwa baridi, kwa upweke, au kwa sababu haitambui nyumba aliyomo. Ninachosema ni kwamba maumivu yawe miongoni mwa mambo ya kwanza kuulizwa, badala ya kuwa la mwisho baada ya miezi mitatu ya kugombana.

Narudia: kabla ya kusema "anasumbua", uliza, "Anaumwa wapi?"

Haya, tusonge mbele. Utayatambuaje? Mwaka 2003 wataalamu wa Marekani walitengeneza kipimo kinachoitwa PAINAD, kwa ajili ya wagonjwa wa demenshia wasioweza tena kujieleza. Kinatazama mambo matano. Hesabu nami kwa vidole vya mkono mmoja, maana hakuna mashine inayohitajika. Ni macho yako na masikio yako tu.

Kidole cha kwanza: pumzi. Sikiliza anavyohema. Je, anatweta ilhali hakufanya kazi? Anavuta pumzi kwa nguvu, anaibana, kisha anaiachia kwa mkupuo? Anahema mbio mbio unapomgeuza kitandani?

Kidole cha pili: sauti. Hapa usingoje maneno. Anaguna? Analalama kwa sauti ya chini, mfululizo? Anaita "mama, mama" bila kukoma? Anapiga yowe ukigusa mguu? Mzee aliyekuwa mstaarabu akianza kutukana kila anapovalishwa nguo, jiulize ni mkono gani unaoinuliwa wakati huo.

Kidole cha tatu: uso. Paji limekunjamana? Macho ameyafumba kwa nguvu, au yametoka kwa woga? Midomo imebanwa, meno yanasagana? Mtazame usoni hasa wakati anasogezwa. Mzee anaweza kuwa na uso mtulivu akiwa amekaa, kumbe ukimwinua tu uso wote unajikunja.

Kidole cha nne: mwili. Ngumi zimefungwa? Magoti ameyakunja hadi tumboni? Anajikaza kama mti? Anatembea huku na huko bila kutulia? Anashika sehemu moja kila mara, anaisugua, anaikinga kwa mkono usiiguse? Anachechemea, na jana hakuchechemea?

Kidole cha tano: faraja. Mzee mwenye hofu au upweke, mara nyingi ukimshika mkono, ukampa maneno mazuri, hutulia. Mwenye maumivu makali hatulii, au anatulia kidogo kisha anaanza tena. Ukiona umembembeleza, umempa chakula, umembadilisha nguo, na bado anahangaika, basi shuku maumivu.

Pumzi, sauti, uso, mwili, faraja. Sema nami tena: pumzi, sauti, uso, mwili, faraja. Kila jambo hupewa sifuri, moja au mbili, na jumla ya juu kabisa ni kumi. Usihangaike na hesabu. Ukizikumbuka hizo tano, ukazitazama anapokuwa amepumzika na tena anaposogezwa, umeshafanya kazi kubwa.

Lakini kuna jambo la sita ambalo hakuna daktari anayelijua kuliko wewe. Ni kawaida yake. Wewe ndiye unayejua kwamba babu hapendi kulala mchana, na wiki hii analala tu. Wewe ndiye unayejua kwamba bibi hakosi kumaliza uji wake, na sasa anaugusa kwa kijiko na kuusukuma. Unajua alikuwa akipenda kushikwa mkono na leo anauvuta. Wengine, msikilizaji, hawapigi kelele kabisa. Wananyamaza. Mzee anajikunja kwenye kona ya kitanda, hasemi, hasumbui, na nyumba nzima inashukuru kwamba leo ametulia. Mzee aliyenyamaza ghafla anahitaji kuangaliwa sawasawa na yule anayepiga kelele.

Mama mwenye mtoto mchanga hutambua kilio cha njaa na kilio cha tumbo, na hakuna aliyemfundisha. Amejifunza kwa kukaa naye. Wewe pia umekaa na mzee wako, na ujuzi huo unao. Ila tusisahau kwamba huyu si mtoto. Amelea, amejenga, amezika watu wake. Kabla hujamfunua nguo kumchunguza, mwamkie: "Shikamoo, bibi. Naomba niangalie mguu wako." Hata kama hatakujibu. Heshima anaisikia hata pale ambapo jina lako limemtoka.

Sasa umeshuku maumivu. Utayatafuta wapi? Anza kichwani, shuka mpaka miguuni.

Anza mdomoni. Hapa ndipo tunaposahau zaidi. Washa tochi ya simu, mwombe afungue kinywa. Kuna jino lililooza, fizi iliyovimba, kidonda, utando mweupe kwenye ulimi? Kama ana meno ya bandia, yanamkwaruza? Mzee anayekataa chakula kigumu lakini anakubali maziwa, mtazame kinywa kabla hujamwita mdekaji.

Nenda masikioni na machoni. Sikio linatoa usaha? Jicho ni jekundu, linatoa machozi, au anakwepa mwanga? Jicho jekundu lenye maumivu ni la kupelekwa hospitali upesi, kwa sababu presha ya macho ikipanda inaweza kupofusha.

Shuka kwenye viungo. Mabega, mgongo, nyonga, magoti. Mtu aliyelima au kubeba ndoo kichwani maisha yake yote, magoti yake hayakupona kwa sababu amesahau kulalamika. Kama alikuwa anachua mgongo kila jioni miaka kumi iliyopita, mgongo huo bado upo.

Tumbo. Uliza: mara ya mwisho amepata choo lini? Mzee anayekunywa maji kidogo na kukaa siku nzima kwenye kiti hufunga choo, na kufunga choo kunauma kweli kweli. Mkojo je? Unatoka kidogo kidogo? Anahangaika au kulia anapokojoa? Tumbo la chini limejaa na kukaza? Kama amewekewa mpira wa mkojo, umejikunja au umeziba?

Kisha ngozi, hasa makalioni, kwenye nyonga na visigino, mahali ambapo mwili hulalia. Vidonda vinavyotokana na kulala upande mmoja muda mrefu huanza kwa wekundu, au kwenye ngozi nyeusi kwa kugeuka rangi, kupata joto na kuwa pagumu. Malizia vidoleni. Ukucha uliopinda ukaingia ndani ya nyama unaweza kumfanya mtu akatae kuvaa viatu na akatae kutembea, na watu wakasema miguu imekwisha nguvu.

Na kama alianguka siku za karibuni, hata kama aliinuka mwenyewe, usipuuze. Nyonga inaweza kuwa imepata ufa, na yeye hakumbuki kwamba alianguka.

Tuje kwenye kuuliza. Maana wengi wenye demenshia, hasa mwanzoni na katikati ya ugonjwa, bado wanaweza kujibu wakiulizwa vizuri. Uulize vipi?

Kwanza, uliza sasa hivi, kuhusu sasa hivi. Usimuulize ya jana. Pili, swali liwe fupi, linalojibika kwa ndiyo au hapana. "Hapa panauma?" huku mkono wako ukiwa juu ya goti. Tatu, kaa mbele yake, macho kwa macho, zima televisheni. Nne, subiri. Hesabu mpaka kumi kimoyomoyo kabla hujarudia. Sisi tuna haraka. Akili yake inahitaji muda kulifikia jibu. Tano, badilisha maneno. Mwingine ukimuuliza kama ana maumivu atakataa, lakini ukimuuliza kama panachoma, panavuta au pamechoka, atasema ndiyo.

Na jambo la sita, ambalo kwetu lina uzito wake. Watu wengi wenye demenshia hurudi kwenye lugha ya utotoni. Bibi aliyeishi Dar es Salaam tangu ujana wake anaweza kuanza kuzungumza Kihaya, Kisukuma au Kipare, na mjukuu wake hakijui, na dada wa kazi anayeshinda naye hakijui. Basi mpigie simu shangazi kijijini. Muulize: kwetu mtu akiumwa tumbo anasemaje? Akisikia kichomi anasemaje? Andika maneno hayo, yabandike ukutani karibu na kitanda. Inawezekana bibi amekuwa akitaja tumbo lake wiki nzima na nyumba imekosa wa kumwelewa.

Sasa umeona dalili, umechunguza, umeuliza. Ufanye nini?

Yapo mambo ya kufanya nyumbani leo. Mgeuze kitandani angalau kila baada ya saa mbili kama hawezi kujigeuza. Weka mto au kanga iliyokunjwa katikati ya magoti. Mpe maji ya kutosha, papai na mboga kulainisha choo, kama daktari hajamkataza. Kitambaa cha vuguvugu kwenye goti linalouma, ukiwa umepima joto kwa mkono wako kwanza. Mvalishe nguo ukianza na mkono unaouma, na umvue ukimalizia na huo. Na mwambie kila unachotaka kufanya kabla ya kumshika.

Kuhusu dawa, nisikilize vizuri. Parasetamoli, kwa wazee wengi, ndiyo ya kuanzia, lakini ina mpaka wake. Mtu mzima hatakiwi kuzidisha vidonge nane vya miligramu 500 kwa saa 24, na mzee aliyekonda au mwenye tatizo la ini anahitaji kiasi kilicho chini ya hapo. Muulize daktari au mfamasia. Angalia pia dawa za mafua, nyingi zina parasetamoli ndani yake, usije ukamrudufia bila kujua. Diklofenaki na ndugu zake, ambazo tumezoea kununua duka la dawa kama pipi, zinaweza kumtoboa mzee tumbo, kuharibu figo na kupandisha presha. Usimpe bila ushauri.

Na dawa za kumlaza? Mwaka 2005 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo kali kwamba baadhi ya dawa za magonjwa ya akili, zinazotumiwa pia kuwatuliza wazee wenye demenshia, zinaongeza hatari ya kifo kwa wazee hao. Wakati mwingine daktari anaweza kuona zinahitajika, na ana sababu zake. Lakini ukimlaza mtu mwenye jino bovu, umemnyamazisha na jino umeliacha.

Hapo ndipo tunafika hospitalini. Daktari ana foleni nje, na wewe una dakika chache. Utasema nini? Sikiliza mazungumzo mawili.

La kwanza: "Daktari, mama anasumbua sana usiku. Hatulali. Tusaidie dawa ya usingizi."

La pili: "Daktari, nadhani mama ana maumivu. Tangu Jumatatu anapiga yowe kila tukimgeuzia upande wa kulia. Akilala chali anatulia. Chakula amepunguza nusu. Choo hajapata siku ya nne leo. Kabla ya hapo alikuwa analala usiku kucha."

Mama ni yule yule, daktari ni yule yule. La kwanza linampeleka daktari kwenye dawa ya usingizi. La pili linampeleka kwenye nyonga na kwenye tumbo. Umeona tofauti ya kusema?

Kwa hiyo nakuomba uwe na daftari. Daftari la shule linatosha. Andika tarehe na saa. Andika alikuwa anafanya nini: anaoga, anakula, anageuzwa. Andika ulichoona katika yale matano: pumzi, sauti, uso, mwili, faraja. Andika ulichojaribu, na baada ya muda gani kulikuwa na nafuu. Kama hujui kuandika, mwambie mjukuu aandike, au mrekodi mzee kwa simu muda mfupi anapohangaika, akiwa amesitiriwa, umwonyeshe daktari tu. Picha hiyo si ya kundi la familia wala ya mtandaoni.

Ukipewa dawa, uliza: nimpe anapolia, au kwa saa maalumu? Mara nyingi mtu asiyeweza kuomba dawa hufaidika zaidi akipewa kwa saa, kwa muda aliopanga daktari. Kisha rudi na daftari useme kama yale matano yamebadilika. Yasipobadilika, sema pia.

Na maumivu yakiwa makali, kwa mfano mzee ana saratani pamoja na demenshia, usikubali kuambiwa kwamba hakuna la kufanya. Uliza kuhusu tiba shufaa, yaani tiba ya kumpunguzia mgonjwa maumivu na mateso. Majirani zetu wa Uganda, tangu Hospice Africa Uganda ianzishwe mwaka 1993, wametuonyesha kwamba morfini ya maji ya kunywa inaweza kumfikia mgonjwa nyumbani kwake kwa gharama ndogo. Ikitolewa na kusimamiwa na wataalamu, ni dawa ya kumpa mtu nafuu, na kuitumia si kumkatia tamaa.

Kuna wakati ambao daftari lisubiri na safari ianze. Mzee akichanganyikiwa ghafla kuliko kawaida yake, ndani ya saa au siku chache, akiwa na homa, akishindwa kusimama baada ya kuanguka, tumbo likikaza, akishindwa kukojoa, au akisinzia na haamki vizuri, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo.

Kabla hatujaagana, neno kwa ndugu walio mbali. Wewe uliye Mwanza au Muscat, unayetuma fedha kila mwezi, Mungu akubariki. Lakini ukipiga simu, usiishie kuuliza, "Mama anaendeleaje?" maana utajibiwa "Hajambo" na simu itakatika. Uliza, "Amekula? Amelala? Amepata choo? Anakunja uso akigeuzwa?" Na umuulize dada yako anayemgeuza usiku, "Na wewe, mgongo wako?" Mtunzaji aliyechoka sana haoni tena dalili. Akipata jioni moja ya kupumzika, na mwingine akashika zamu, mzee naye anafaidika.

Na wewe mtunzaji, kama umewahi kumkaripia ukidhani ni ukaidi, usijitese kwa hilo. Ulikuwa umechoka, na hakuna aliyekueleza. Sasa umeelezwa.

Tufupishe. Demenshia haiondoi maumivu, inaondoa uwezo wa kuyasema. Tazama matano: pumzi, sauti, uso, mwili, faraja, ukilinganisha na kawaida yake. Mchunguze kuanzia kinywa hadi kucha. Uliza kwa ufupi, kwa lugha yake, na usubiri. Hospitalini usiseme "anasumbua". Sema "nadhani ana maumivu", na ueleze ulichokiona.

Kazi ya kufanya leo ni ndogo. Usiku huu utakapomgeuza mzee wako au kumvalisha nguo ya kulalia, mtazame usoni kwa makini wakati wa kumsogeza. Ukiona uso umejikunja, andika ni saa ngapi na ulikuwa unagusa wapi. Fanya hivyo siku tatu, kisha lipeleke daftari zahanati. Mwambie na jirani mwenye mzee kama wako, maana huenda hakuwa karibu na redio.